Uaminifu wa Kipimo Wakati wa Dhiki

Dhiki humjaribu mwenye mizani kuliko mwenye mali. Mwenye mali akipungukiwa hutoa kidogo, wala hapana amlaumuye. Mwenye mizani akipungukiwa hushawishika kuuita upungufu utimilifu. Jaribu hilo humpata mpimaji wa maabara ya hospitali siku vifaa vinapoadimika.

Mwezi wa Agosti 2021 Uingereza ilipungukiwa vichupa vya kutilia damu. Hospitali ziliagizwa kupunguza vipimo kwa robo nzima hata tarehe 17 Septemba. Nchi tajiri ilijifunza kwamba kichupa kidogo cha plastiki chaweza kumzuia tabibu mkubwa.

Wakati kama huo swali huzuka: Je, jibu la shaka si bora kuliko kukosa jibu? Tukitazame kichupa cha kupimia kuganda kwa damu. Ndani yake mna sitrati, nayo yataka sehemu tisa za damu kwa sehemu moja yake. Damu isipofika alama, sitrati huzidi, na damu huonekana kukawia kuganda kuliko ilivyo kweli. Kichupa cha pili hakuna. Mpimaji akilipokea jibu hilo, mgonjwa atumiaye dawa ya kuzuia damu isigande aweza kupunguziwa dozi aliyoihitaji, na damu iliyoganda ikamziba mshipa wa mapafu. Mashine haikukosa. Aliyekosa ni mtu aliyekihurumia kichupa kuliko mgonjwa.

Vivyo hivyo kuna sampuli ya kulinganishia, ambayo jibu lake lajulikana kabla, ipimwayo ili kujua kama mashine yasema kweli. Kuiacha kwa ajili ya kuokoa vitendanishi ni sawa na kuuza mawe ya mizani ili kununua nafaka.

Mtu atasema, "Haya ni maneno ya mwenye afya. Mgonjwa akirudishwa bila kipimo, naye hudhulumiwa." Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini tabibu ajuaye kuwa hana jibu humwangalia mgonjwa kwa makini zaidi, au hutafuta njia nyingine. Tabibu aliyepewa jibu la uongo hutenda kwa ujasiri. Ujinga unaojijua una tahadhari. Ujinga uliovaa joho la elimu hauna.

Kwa hiyo wajibu ni kupunguza idadi ya majibu, si kupunguza kweli iliyomo. Nani apimwe kwanza, na kipimo gani kiahirishwe, ni jambo la kuamuliwa mapema na kwa wazi, tabibu na mpimaji wakikaa pamoja. Si kwa siri, usiku, na mtu mmoja aliyechoka. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mpimaji aandikaye, "Damu haikutosha, kipimo hakikufanywa," hamfurahishi mtu, lakini ametoa jibu la kweli, na siku vifaa vitakaporudi, neno lake litakuwa bado na thamani.