Ithamari Aliandika Hadi Vigingi

Andiko: Kutoka 38:21-31

Wiki hii twende mahali ambapo wengi wetu tukifika katika kusoma Biblia ya mwaka mzima huwa tunafunua kurasa mbili kwa pamoja. Kutoka 38, kuanzia mstari wa 21. Kazi ya hema inakaribia kuisha, na kabla Musa hajaisimamisha, anaagiza hesabu itolewe. Walawi wanaifanya, na msimamizi wao ni Ithamari, mwana wa Haruni.

Chukua simu yako, fungua kalkuleta. Wanaume waliohesabiwa walikuwa 603,550, na kila mmoja alitoa nusu shekeli ya fedha. Gawanya kwa mbili: 301,775. Talanta moja ilikuwa shekeli 3,000. Kwa hivyo unapata talanta 100, na shekeli 1,775 zinabaki. Sasa soma mstari wa 25. Ndiyo hiyo hiyo! Halafu endelea: zile talanta 100 zilitengeneza vitako 100, talanta moja kwa kila kitako. Zile 1,775 zilizobaki zilienda kwa kulabu za nguzo, kufunika vichwa vyake na kutengeneza vitanzi. Shaba nayo imeorodheshwa mpaka vigingi vya ua, vile vinavyopigwa chini kwenye mchanga na kukanyagwa na kila mtu. Nilisomea biashara, na nakuambia mhasibu yeyote angefurahi kuona kitabu kama hiki. Hakuna mahali Ithamari ameandika "matumizi mengine".

Ona jambo moja. Haikutosha kujua ni ngapi iliingia. Kila kiasi kilipewa jina la kazi kiliyofanya.

Sasa turudi hapa Garsen. Watu wanakuja kwa maombi, na ombi moja nalisikia mara nyingi: "Pasta, pesa zangu haziketi. Nikizishika tu, zimeisha. Kuna kitu kinakula." Tunaomba, tena tutaendelea kuomba, kwa maana Malaki 3:11 ni ahadi na mimi naiamini. Lakini mpendwa, kabla hatujamkemea mlaji, tumtambue kwanza. Wakati mwingine tunakemea jirani, tunakemea mama mkwe, tunakemea roho ya ukoo, na mlaji ni bando la kila siku na beti ya Jumamosi. Nimeona nyumba zikivunjika hivi. Mke anasema mume anakula pesa nje. Mume anasema mke anatuma kwao. Hakuna mwenye karatasi. Kila mmoja ana hasira yake, basi.

Na cha ajabu ni kwamba matumizi yako yameandikwa tayari. Mwenye duka ana daftari, jina lako limo, na sukari ya juzi imo. Kampuni ya simu nayo inayo kumbukumbu ya kila shilingi uliyotuma. Ukipiga *334# utapata njia ya kuomba taarifa yako ya M-Pesa ya miezi iliyopita. Watu wote wanajua pesa yako ilienda wapi, isipokuwa wewe mwenyewe! Wazee wetu wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini taarifa ya simu peke yake inaweza kukudanganya, na hapa nataka tukae kidogo. Ukitoa 2,000 kwa ajenti, hujatumia 2,000. Umeihamisha tu kutoka simu hadi mfukoni. Safari yake inaanzia hapo, na hapo ndipo wengi tunaacha kuandika. Vile vile, pesa ya Fuliza ikiingia si mapato, ni deni lenye ada ya kuchukua na ada ya kila siku mpaka ulipe. Usiiandike pamoja na mshahara. Wala usiandike mkopo wa chama kama baraka iliyoshuka. Uandike kwenye madeni, na ada yake uiandike peke yake, ili mwisho wa mwezi uone umelipa kiasi gani kwa ajili ya kukosa subira ya siku mbili.

Tuchukue mfano. Mama anauza samaki wa mtoni hapa steji, magari ya Lamu na Malindi yakisimama. Tuseme siku moja ameuza ya 3,000. Anafurahi, anamtukuza Mungu, njiani ananunua unga, mafuta, na viatu vya mtoto. Kesho asubuhi mvuvi anadai 2,200 ya mzigo mpya, na mfukoni mna 1,400. Anapiga Fuliza. Nani kamla? Hakuna. Ile 3,000 haikuwa yake yote. Mzigo ulikuwa 2,200, barafu na usafiri 200, na faida yake ilikuwa 600. Yeye alinunulia nyumba kwa mtaji. Kama daftari lingekuwa na ukurasa wa kazi na ukurasa wa nyumba, angeona viatu vingoje Ijumaa. Kijana wa bodaboda, ni hivyo hivyo: petroli, pesa ya mwenye pikipiki na akiba ya tairi hazijawahi kuwa zako hata kwa saa moja.

Kwa hivyo anza na kurasa chache. Kazi iwe na wake. Nyumba iwe na wake: chakula, maji, mafuta ya taa, dawa. Sadaka na fungu la kumi. Madeni. Halafu ukurasa wa watu, maana sisi watu wa Tana hatuishi peke yetu: matanga, harambee, mzazi kule kijijini, mtoto wa ndugu aliyerudishwa kwa ajili ya karo. Usiuone haya ukurasa huu, hiyo ni sehemu ya maisha ya Kikristo. Lakini uandike, kwa sababu ukishaona kwa mwezi unatoa kiasi gani, utajua la kumwambia anayekuja tarehe 25. Na kama unacheza beti, andika beti. Usiifiche kwenye nyumba.

Ukurasa mmoja zaidi ambao wengi hawana. Karo ya Januari tunaiita dharura. Dharura gani, na Januari iko kwenye kalenda? Mto nao. Tulifurika 1997, tukafurika 2018, tukafurika Novemba 2023, na kabla matope hayajakauka, tukafurika tena Aprili na Mei 2024. Sisemi daftari lingezuia maji, au kwamba aliyepoteza nyumba na shamba alikosa hekima. Hapana. Akiba ya mia mia haijengi nyumba. Lakini nauli ya boti, turubai, dawa ya malaria, hizo zinaweza kuwekewa ukurasa kuanzia wakati wa maembe. Yusufu katika Mwanzo 41 alitenga sehemu moja ya tano wakati wa shibe, na alijua ni ya nini.

Ndugu mmoja ataniuliza, je, 2 Wafalme 12:15? Pale mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli. Rudi juu kidogo, mstari wa 10: kabla fedha haijawafikia, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuwa wameihesabu na kuifunga mifukoni. Uaminifu na hesabu vilikaa nyumba moja.

Kina baba, neno kwenu. Daftari si kiboko. Usimwambie mkeo aandike mpaka kitunguu cha shilingi kumi na wewe huna mstari hata mmoja. Mnaandika wote wawili, mnakaa pamoja mara moja kwa wiki, chai ikiwa mezani, mnasoma. Asiyeandika asiulize.

Na kwa kuwa Ithamari alikuwa mtumishi wa hema, sisi watumishi ndio wa kutangulia. Nimezungumza na mchungaji na wazee, na wamekubali: kuanzia mwezi ujao hesabu ya kanisa itabandikwa mlangoni, matoleo yaliyoingia na kila yalikoenda, mpaka betri za maikrofoni. Jumapili hii baada ya ibada nitakaa chini ya mwembe na wote wanaotaka kuanza. Njoo na daftari, kalamu, na simu yenye chaji. Wanandoa njooni wawili. PIN yako usinitajie, wala usimtajie mtu mwingine yeyote pale.