Mikono ya Musa Haikusimama Peke Yake

Nawaandikia ninyi nyote wa Lalago, na ninyi wa Maswa, Bariadi, Meatu na Itilima mtakaofikiwa na karatasi hii. Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 17 na ya 18, na nawasihi msizisome kama habari za watu wa kale waliokwisha kuzikwa. Waamaleki waliwavamia Waisraeli pale Refidimu. Musa akapanda kilimani akainua mikono. Mikono ilipokuwa juu, watu wake walishinda, ilipoteremka, walishindwa. Nayo iliteremka! Mtu aliyeongea na Mungu alichoka mabega mchana kweupe, mbele ya jeshi lake. Haruni na Huri wakamkalisha juu ya jiwe, mmoja kulia, mwingine kushoto, wakaishika mikono ile mpaka jua likazama. Geuza ukurasa. Yethro mkwewe anamkuta akiamua mashauri ya taifa zima peke yake, asubuhi hadi jioni, naye anamkosoa bila kumung'unya maneno. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya kwanza, Musa mwenyewe anaeleza kwamba aliwaambia watu wajitafutie wenye hekima katika makabila yao. Vita iko ukurasa huu, uongozi wa kusikilizana uko ukurasa unaofuata. Mimi naamini habari hizo mbili ziliwekwa pamoja kwa makusudi.

Utaniuliza: Lalago na migogoro ya mataifa, wapi na wapi? Ndugu yangu, bei ya pamba yako haipangwi Maswa. Mwaka 2020 corona ilipofunga viwanda vya nguo na maduka ng'ambo, bei ya pamba duniani ilianguka, wakati wewe ulikwisha kupalilia na kupulizia dawa. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, lita ya petroli ilipita shilingi 3,000, na kila gari linalopita hapa kati ya Kolandoto na Mwanhuzi lilibeba gharama ya vita ambayo hakuna mtu wa Lalago aliyeulizwa kama anaitaka. Dunia ikiungua, moshi unafika Usukuma. Swali ni nani atakuwa amesimama nasi siku hiyo, na anayetuongoza atakuwa amemsikiliza nani.

Wazee wetu wanalijua jibu, kwa sababu walililipia.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, yakaiteka ardhi yetu mpaka mto Kagera, yakalipua daraja la Kyaka, yakaua wakulima na kuswaga ng'ombe kwenda Uganda. Tazameni Amin alifikaje hapo. Alitwaa madaraka kwa bunduki Januari 1971, na mara akaondoa Bunge akatawala kwa amri. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa mahakamani na watu wenye silaha, akauawa. Mwaka 1976 Amin akawa rais wa maisha. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyethubutu pamoja na maaskofu wenzake kumwandikia kulalamikia mauaji, aliuawa. Basi ilipofika 1978, nani alikuwa amebaki Kampala wa kumwambia, bwana mkubwa, usivuke mpaka ule? Yethro alikuwa kaburini. Mtawala anayeua wanaomkosoa anayaua masikio yake, na taifa lisilo na masikio linaingia vitani likicheka.

Na sisi tulikuwa na nani? Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa na Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 1967, yenye shirika moja la reli, moja la bandari, moja la posta na moja la ndege, ilikufa mwaka 1977. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka huohuo na haukufunguliwa hadi 1983. Tangu Amin aingie, marais watatu hawakukaa tena meza moja, na kwa kuwa Jumuiya ilisimama juu ya marais watatu tu, ilipoondoka meza iliondoka nyumba. Mkulima wa Maswa, mvuvi wa Kisumu na mama muuza ndizi wa Masaka hawakuulizwa siku ya kuijenga wala siku ya kuizika. Mwaka mmoja tu baadaye mizinga ikalia Kagera, na hapakuwa na baraza la majirani la kuizuia.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwapo, ndiyo. Lakini umoja huo mwaka 1975 ulimfanya Amin mwenyekiti wake, mjini Kampala, katika mkutano ambao Rais wetu Nyerere alikataa kuuhudhuria. Tulipovamiwa, ukataka tusuluhishwe, aliyepigwa na aliyepiga wakae sawasawa. Tulipomfukuza, katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, wapo viongozi waliosimama kutulaumu sisi. Ule ulikuwa muungano wa kuwalinda wakubwa dhidi ya watu wao. Jina lilikuwa zuri. Tunda lake mmeliona.

Sasa ufuateni undugu wa namna nyingine. Kwa miaka mingi Watanzania waliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, wakawapa ardhi ya mafunzo Nachingwea, wakagawana nao chakula kidogo walichokuwa nacho. Kusini kwetu kulishambuliwa na Wareno kwa sababu hiyo, na hatukuwafukuza wageni wetu. Msumbiji ilijitawala mwaka 1975, maskini, ikiwa yenyewe inasumbuliwa na majeshi ya Rhodesia. Tulipovamiwa, rais wake Samora Machel alituma batalioni. Nchi isiyokuwa na cha kutoa ilitoa watoto wake! Ndiyo sababu nawaambia, rafiki wa siku ya vita hupatikana siku ya amani.

Amin naye alipata rafiki. Muammar Gaddafi alimtumia maelfu ya askari wa Libya. Vijana wale walifika Lukaya Machi 1979 bila kuijua Uganda, wakafa katika vinamasi vya nchi ambayo haikuwahi kuwakosea, kwa sababu watu wawili waliokuwa hawaulizwi na yeyote walipatana. Akina mama wa Tripoli hawakuwa na bunge la kuliuliza watoto wao wako wapi. Muungano wa namna hiyo una silaha na fedha, lakini hauna watu ndani yake, na ndiyo sababu uliporomoka kwa wiki chache. Kampala ilikombolewa Aprili 11, 1979.

Kwetu ilikuwaje? Sitawapamba. Tanzania ya siku zile ilikuwa ya chama kimoja, na huo ulikuwa upungufu mkubwa. Lakini Novemba 2, 1978 Nyerere alikwenda mbele ya wazee wa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, akawaeleza kwa Kiswahili anachokielewa kila mtu: kilichotokea, kwa nini tutapigana, na kwamba uwezo upo. Watu wakaelewa. Mgambo wakajitokeza kwa makumi ya maelfu kutoka kila pembe ya nchi, na vijana wa Usukuma wakiwamo. Ng'ombe walitolewa, nafaka ikatolewa, malori yakatolewa. Mtu aliyeelezwa ukweli hutoa ng'ombe wake bila kusukumwa. Mtu aliyedanganywa humficha porini.

Na bado niseme lililokosewa, maana mahubiri yasiyosema kweli ni kelele. Waganda walikutana Moshi Machi 1979, vikundi vyao vya uhamishoni vikaungana chini ya Yusuf Lule. Ilikuwa hatua njema. Lakini Lule aliondolewa baada ya miezi miwili na kidogo, na aliyemfuata, Godfrey Binaisa, akapinduliwa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukafanyika huku askari wetu wakiwa nchini humo, ukaleta ugomvi, na ugomvi ukaleta vita ya Luwero iliyoangamiza watu wengi mno. Tulimwondoa dhalimu kwa ushujaa, lakini kura ambayo ingemfanya kila Mganda aseme "hii serikali ni yangu" haikulindwa ipasavyo. Ushindi wa vita bila uongozi uliokubaliwa na watu ni nusu ya ushindi, na ile nusu nyingine huja kudaiwa kwa damu.

Nanyi Wasukuma mnajua gharama ya baadaye. Bunduki zilizotapakaa baada ya vita ziliingia mikononi mwa wezi wa mifugo. Nchi ilikuwa imefilisika, polisi wachache, petroli hakuna. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Shinyanga na Tabora vikajiundia Sungusungu, basalama. Watu walikutana, wakachagua viongozi wao wenyewe, wakakubaliana kwamba mwano, yowe la hatari, ukipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kinaitika, na cha tatu kinaziba njia. Hakuna aliyewafundisha kutoka Geneva! Hofu ya pamoja, viongozi waliochaguliwa, ahadi ya kuitikiana: hicho ndicho mataifa yanachokitafuta kwenye mikutano yao mikubwa, nasi tulikifanya kwa pinde na mishale, na ng'ombe wakarudi mazizini.

Lakini ole wetu, mahali ambapo mkutano ulinyamazishwa na wachache wakaamua gizani, mishale ileile iligeuzwa kwa akina bibi wazee wenye macho mekundu, wakaitwa wachawi. Moshi wa kuni za kupikia wajukuu ndio uliowatia wekundu machoni, nasi tukawaua. Nguvu isiyohojiwa haina utakatifu, iwe Kampala au iwe kijijini kwetu. Tubuni hilo.

Nije kwenye siku zetu. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Februari 8, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa na wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, walikutana kwa pamoja Dar es Salaam. Nilimshukuru Mungu kwa meza ile, maana mwaka 1978 haikuwapo. Askari wetu wamekufa Kongo kuilinda amani ya jirani. Desemba 2017, huko Semuliki, waliuawa wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Lakini Kongo, na Rwanda inayolaumiwa kuwasaidia waasi hao, zote mbili ni wanachama wa Jumuiya yetu, na bado wananchi wa Goma walilala chini ya vitanda wakisikiliza risasi. Wabunge tisa wa Tanzania wako katika Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha. Ni wangapi hapa Lalago wanamjua hata mmoja kwa jina? Jumuiya ya kwanza ilikufa hivyo, watu wake wakiwa hawaijui.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, damu ya Watanzania ilimwagika mitaani, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikawekwa Dar es Salaam. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika, ndugu zetu Waafrika, walisema uchaguzi ule haukufikia viwango tulivyotia saini sote. Wapo waliokasirika wakiwaona wageni wanaingilia. Mimi nasema, hao ni Yethro amefika hemani! Yethro naye alikuwa mgeni, Mmidiani, na Musa hakumwambia arudi kwao. Alimsikiliza, na taifa likapona. Miaka ya Amin Afrika ilikaa kimya, tukalipa sisi. Leo majirani wanapopata ujasiri wa kutuambia kweli, tukiwaziba mdomo, siku ya Amaleki tutamwita nani?

Basi nawasihi, kwa jina la Mungu aliyehesabu machozi ya Kagera na ya Goma. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na kila mwenye miaka 18 ana haki ya kuwamo. Nendeni. Mama, usimwachie mumeo. Kijana, acha bodaboda kwa saa mbili, uingie. Daini mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Katika AMCOS ya pamba, simameni kwenye mizani kama walivyosimama wazee wenu miaka ya 1950, waliosimamia upimaji wa pamba ya wakulima mpaka likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani. Mbunge akija, muulizeni kuhusu Kongo, muulizeni kuhusu Arusha, muulizeni waliouawa Oktoba wanazungumziwa wapi. Msimtukane, msimpigie magoti. Na Mkongo, Mrundi au Mganda akifika Lalago kwa biashara au kwa kukimbia, mpokeeni, mpeni maji, mjueni jina. Msingoje vita vianze ndipo mtafute wa kuwashika mikono.