Chuma Ndani ya Shingo

Je, mtu huimarishwa na nguvu anazotiwa, au na zile alizo nazo? Nimelipima swali hili kwa shingo ya gitaa.

Nyuzi za chuma za gitaa huvuta kwa nguvu ya kama kilo 70, usiku na mchana, hata likiwa limetundikwa ukutani. Shingo nyembamba ya mbao tupu hupinda. Ndiyo maana Thaddeus McHugh, wa kampuni ya Gibson huko Marekani, alipewa hataza mwaka 1923 kwa ufito wa chuma unaofichwa ndani ya shingo na kukazwa kwa nati ili ushindane na nyuzi.

Lakini tuifanye hesabu. Shingo ikiwa na unene wa milimita 21, ukitoa 6 za ubao wa vidole, zinabaki 15. Mfereji wa ufito ukichimbwa milimita 10, mgongoni husalia 5 tu. Fundi akitia ufito mnene zaidi kwa kutaka usalama, siku ya kukaza nati mbao huweza kupasuka. Kila milimita ya msaada imekatwa katika mwili wa anayesaidiwa.

Nimeishi miaka mingi na wanafunzi wa ualimu, nami naona malezi ni yayo hayo. Kanuni ni lazima, kwani dunia haichoki kuvuta. Ila tukimjaza kijana amri hata asibakiwe na nafasi ya hiari yake, tumemchimba, hatukumjenga. Mlezi na apime kwanza unene wa mti, ndipo achague chuma.