Deni la Mtu wa Bara

Mtu wa Tabora anadaiwa nini na konokono wa baharini? Najua wapo watakaocheka. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapa, na konokono ni konokono tu. Mimi naona swali hili lina pa kuanzia hapa hapa Tabora.

Tangu miaka ya 1960, meli nyingi zilipakwa chini rangi yenye sumu iitwayo tributiltini. Kazi yake ilikuwa kuzuia viumbe wa baharini wasijishikize, maana meli iliyojaa magamba huenda polepole na hula mafuta mengi. Sumu ikawa inatoka kidogo kidogo na kuingia majini. Kwa baadhi ya konokono, nanogramu 1 tu kwa lita ilitosha: jike anaota uume, njia ya mayai inaziba, hazai tena. Ufaransa ilianza kuizuia rangi hiyo kwa boti ndogo mwaka 1982. Kwa nini? Chaza wa Arcachon walikuwa wameharibika, na chaza wanauzwa. Mkataba wa dunia wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika 2008. Konokono asiye na bei alisubiri sana.

Hapo ndipo ninapoikumbuka njia ya misafara. Watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, kisahani cheupe kilichokatwa kwenye ganda la konokono wa Bahari ya Hindi na kuletwa huku na wapagazi. Kilikuwa alama ya utawala. Ganda liliheshimiwa, mnyama aliyelijenga hakuna aliyemuuliza. Njia hiyo hiyo ilipeleka pwani pembe za ndovu, nyingine zikaishia kwenye vibao vya piano huko Marekani na Uingereza. Aliyepiga piano sebuleni kwake hakusikia mpagazi akihema wala mtumwa akilia. Simlinganishi mtu na konokono, hasha! Ninacholinganisha ni umbali, na jinsi unavyotupa usingizi mzuri.

Utasema: mimi sijapaka meli rangi, sidaiwi. Sawa, hukupaka. Lakini mtumba uliovaa na simu unayosomea maneno haya vilikuja kwa meli, na meli ikiwa nyepesi majini, gharama ya mzigo hupungua. Basi deni haliishii kwa aliyeshika brashi, linamfikia na aliyefaidika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari letu tumejaza ukurasa wa faida tu.

Kuna hoja nzito upande wa pili. Meli chafu hutoa moshi zaidi, na hubeba viumbe wageni kutoka bahari moja hadi nyingine. Hata wazee wetu wa pwani walipaka majahazi deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili kuzilinda mbao. Rangi nyingi za siku hizi zina shaba, nayo pia ni sumu kwa viumbe wadogo. Kwa hiyo sisemi tuache meli. Nasema gharama iandikwe, hata kama aliyeilipa hana sauti wala bei, na hatutamwona maishani.

Wapagazi waliotoka hapa na pembe mabegani walikuwa watu wa mbali kwa aliyepiga piano. Leo aliye mbali ni konokono, na wenye piano ni sisi.