Pembe Haianguki Yenyewe

Ndugu msomaji, nina ugonjwa mdogo: napenda visu. Usiogope, si vya kupigania. Ni vile vidogo vya kukunja, vya kutia mfukoni, vyenye mpini wa pembe. Tangu nimalize kidato cha nne nimepata vinne. Vimo ndani ya boksi la viatu, kila kimoja na kitambaa chake, na Jumapili navipaka mafuta. Wenzangu wa hapa Morogoro mjini wananicheka: "Kisu kisichokata hata kitunguu ni cha nini?" Huwa nawajibu kwamba kutazamwa nako ni kazi.

Ninachokipenda zaidi nilikinunua kwa muuza vitu chakavu. Bapa lake limeandikwa Sheffield, mji wa Uingereza uliovuma kwa visu karne nyingi. Mpini ni pembe ya ayala, ina mifereji kama gome la mti, haitelezi hata mkono ukiloa. Ayala hatunaye katika mapori yetu. Nimesoma kwamba pembe za dume lake ni mfupa mtupu, na kila mwaka huanguka zenyewe, zikaota nyingine. Jambo hilo lilinifurahisha mno. Kumbe uzuri unaweza kuokotwa tu chini, bila damu!

Mbawala wetu sivyo. Pembe yake ni ganda gumu kama ukucha, limevikwa juu ya mfupa, na halianguki maisha yake yote. Ukiiona mkononi mwa mtu, ujue mwenyewe alishakufa.

Mjomba wangu anakaa Kinole, huko Uluguru. Kisu chake si cha kukunja. Mhunzi alikifua kwa springi ya gari, akakitia mpini wa pembe ya mbawala, nao umeng'aa kwa jasho la miaka. Mjomba anakatia mkungu, anamenyea chungwa, anachongea mpini wa jembe. Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama, na mpwa humrithi mjomba. Basi siku moja kitakuwa changu.

Nilipomtembelea mara ya mwisho nilikisifia mbele ya watu mpaka nikapitiliza. Jioni kijana mmoja akanivuta pembeni. "Kaka, kama unapenda pembe namna hiyo, sema bei. Nikitega msituni, wiki haiishi."

Nakiri hapa, maana mtu anayetaka kuandika riwaya akidanganya katika jambo dogo, nani atamwamini katika kubwa? Sikumkatalia mara moja. Nilinyamaza, na katika kunyamaza kule nilikuwa nachagua mpini. Baadaye ndipo nikasema hapana, nikajificha nyuma ya sheria. Sheria ipo kweli: msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inaihesabu pembe ya mnyamapori kuwa nyara, huwezi kukaa nayo bila kibali. Lakini si sheria iliyonishtua. Kilichonishtua ni kuona sifa zangu zimekwisha kugeuka oda.

Watu husema kupenda kizuri hakumdhuru mtu. Nami nilisema hivyo. Mbawala wa mjomba, kwa alivyonisimulia, aliuawa zamani akila maharage shambani. Watu wakala nyama, pembe ikabaki, mtu akaona isitupwe. Kwao njaa ilitangulia, mpini ukafuata. Kwangu mpini ungetangulia, na mnyama angekufa ili boksi la viatu lipate mkazi wa tano. Kwa mbawala hakuna tofauti, kifo ni kifo. Tofauti iko kwetu sisi tunaobaki na kisu.

Asubuhi yake mjomba alinimenyea chungwa, akapangusa kisu, akaninyooshea. "Mjomba, kichukue sasa, mimi nazeeka."

Moyo uliruka. Nikamwambia, "Kaa nacho, mjomba. Kwako bado kina kazi."

Alinitazama kama mtu ambaye salamu yake haikuitikiwa. Kumkatalia mjomba kwetu si jambo dogo, na mpaka leo sina hakika kama nilimtendea haki. Ila mkono wangu naujua: ungekifunga kitambaa, kisha ungetaka kingine.

Kwa hiyo, msomaji, tusifie vizuri, lakini tujiulize: huyu anayetusikia tukisifia, kesho atakwenda kukitafuta wapi?