Kijana amebakiza mwaka mmoja, anataka kuacha chuo

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, mpwa wangu alinifuata barazani. Anasomea benki na fedha katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na amebakiza mwaka mmoja apate shahada. Hakuzunguka.

"Mjomba, naacha chuo. Nakwenda VETA kusomea ufundi umeme."

Nilidhani amefeli. Kumbe anafaulu vizuri. Akanikumbusha hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote hao ni sawa. "Mimi nasomea kuwa huyo mwandishi," akasema. "Na hadithi hii umenifundisha wewe."

Ni kweli. Basi nikafanya kama tufanyavyo wakubwa tukibanwa. Nikataja dharura, nikasema Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe, nikamtajia hata jirani anayefanya kazi benki na amekwishahiji. Nilimpa majibu yote isipokuwa jibu la swali lake.

Ndipo akatoa la pili. Ada yake ya mwaka wa kwanza, mama yake aliikopa kwa riba. Dada yangu ni mjane, anauza vitumbua, na rejesho hulipwa kila wiki, wateja wawepo wasiwepo. Sikujua. Usiku ule nilifungua daftari langu: mwaka huo huo nilichangia harusi tatu, na zote nililipa kabla ya siku. Ada ya mpwa wangu haikuletewa kadi.

Ndugu zangu Waislamu, hapa ndipo penye mas-ala. Tunawahutubia vijana wajiepushe na haramu, lakini gharama ya kujiepusha tunawaachia wao peke yao. Katika Suratul Baqara, aya ya 275, Allah (S.W.) amehalalisha biashara na akaharamisha riba. Aya ya 280 inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Aya ya kwanza tunaihifadhi. Hii ya pili ingekuwa inafanya kazi katika koo zetu, mjane asingekwenda kukopa kwa riba.

Sasa, aache au asiache? Ufundi umeme ni kazi ya halali na ya heshima, na anayemcheka kijana kwa hilo hana hoja. Lakini kusoma hesabu si kuandika riba. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokokotoa zaka, inayogawa mirathi, inayotunza mali ya wakfu na inayowaamua washirika wawili wasigombane.

Tena mlango haujafungwa. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza Kenya mwaka 2008, na Amana Bank ikafunguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 2011, zote kwa misingi ya sharia. Katika murabaha, benki hununua bidhaa yenyewe kwanza, kisha humuuzia mteja kwa faida inayojulikana. Wako wanaodai kwamba hiyo ni riba iliyovishwa kanzu. Nani atakayetuhakikishia? Hatatosha shekhe asiyejua kusoma mizania, wala mhasibu asiyejua fiqhi. Anatakiwa mtu mwenye yote mawili, na huyo huenda ndiye kijana anayetaka kutuaga.

Kwa hiyo nilimshauri amalize. Hata hivyo, nilimwambia ushauri wangu una hatari. "Maliza kwanza, mengine baadaye" ni maneno yaliyowapoteza wengi. Mtu humaliza, akapata meza na mshahara, akaoa, akaanza kujenga, na swali alilokuwa nalo chuoni likafa lenyewe. Nia lazima iwekwe sasa, wakati hana cha kupoteza: kwamba akiitwa kwenye meza ya riba atakataa, hata akikaa miezi bila kazi.

Akaniuliza, "Na miezi hiyo, mjomba, nitakula wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mzazi, mjomba na ami anayesoma safu hii anapaswa kulijibu kabla hajatoa nasaha. Nilimjibu: kwangu. Na nimeliandika hapa ili nisije nikalikana.

Mpwa wangu bado hajaamua. Ameomba muda wa kuswali istikhara, na atakalochagua kati ya hayo mawili nitamuunga mkono. Lakini wiki iliyopita tulikaa ndugu wanne, tukachanga kama tunavyochangia harusi, na deni la mama yake tukalimaliza. Hilo halikuhitaji istikhara. Lilikuwa jukumu letu tangu mwanzo.

Wallahu a'alam.