Je, Aliyechuma Mboga Zangu ni Mwizi?



Karibu kila mtu ana kazi ndogo aipendayo, ambayo hakuna bwana anayemlazimisha kuifanya. Jioni ikifika mmoja hufuma kitambaa, mwingine husuka kikapu, mwingine hufuga sungura. Mimi napenda bustani. Nikiisha kuwafundisha wakatekumeni, navua viatu, nashika jembe, nakwenda nyuma ya nyumba yetu hapa Bunia, penye matuta saba ya lengalenga, nyanya, vitunguu na kabichi. Hapo moyo wangu hupumzika. Wala si ajabu, kwa maana Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia duniani. Basi kazi ya bustani haikuanza kama adhabu.

Lakini mwaka mmoja bustani hiyo iliniletea swali gumu, nami nataka tulichungue pamoja.

Ulikuwa mwezi wa sita. Wakati huo Ulaya huingia katika majira ya joto, na watu wa huko hushughulikia bustani zao kabla baridi haijarudi. Sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuna baridi ya namna hiyo. Saa yetu ni mvua. Lengalenga huota upesi, na baada ya majuma matatu au manne huwa tayari kuchumwa. Zangu zilikuwa zimestawi vizuri. Asubuhi moja nikakuta tuta lililo kando ya njia limechumwa. Siku ya pili yake, vilevile.

Nilikasirika sana. Nikakata miiba ya kuzungushia bustani, nikasema kwamba usiku nitakesha nje na fimbo. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, tazama kwanza zilivyochumwa." Nikatazama. Mwizi mwenye haraka hung'oa mmea pamoja na mizizi yake, na hapo ndipo mwisho wa mboga. Huyu alikuwa amechuma ncha na majani tu, akaacha shina lipate kuchipuka tena. Ndipo nikatambua kwamba aliyekuja ni mkulima.

Alfajiri ya siku ya tatu nikamwona. Alikuwa mama mmoja, mtoto mgongoni. Akashtuka, akaweka majani chini, akasema, "Mwalimu, unisamehe. Kwetu nilikuwa na shamba." Alikuwa mmoja wa wale wengi waliokimbia vijiji vya Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017, wakaja Bunia, wengine wakapata nafasi kambini, kama ile ya Kigonze, wengine wakabanana katika nyumba za jamaa zao. Nakiri kwamba swali moja lilikuwa limefika ulimini mwangu: "Wewe ni wa kabila gani?" Katika Ituri yetu swali hilo limewaua watu wengi. Namshukuru Mungu nililimeza.

Basi, wasomaji wapenzi, mama yule alikuwa mwizi?

Wako watakaosema, "Ndiyo! Amri ya saba haina mlango wa nyuma. Jasho lilikuwa la mwalimu na mke wake. Mboga zikipelekwa sokoni huleta sabuni na madaftari ya watoto. Kila mtu akichuma asichopanda, nani atapanda tena?" Neno hili si la kupuuzwa. Anayelima bila kuvuna mwishowe huacha jembe, na kijiji chote hulala njaa.

Lakini na tumsikilize Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13. Yeye afundisha kwamba ni halali mtu kuwa na mali yake, kwa maana kila mmoja hukitunza kilicho chake kuliko kilicho cha wote. Ila katika kuitumia mali hiyo, awe tayari kumshirikisha mwenye shida, kwa kuwa Mungu aliviumba vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote. Tena, shida ikiwa wazi na ya haraka, na njia nyingine haipo, mtu akichukua kinachomponya hatendi wizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha hivyo pia.

Angalieni, lakini, asije mtu akalifanya fundisho hili kuwa ruhusa ya uvivu. Torati yenyewe iliweka mpaka. Apitaye katika mizabibu ya jirani aweza kula hata ashibe, lakini asitie zabibu chomboni mwake. Katika nafaka aweza kuchuma masuke kwa mkono, lakini asipitishe mundu. Mkono, ndiyo, kikapu, hapana. Mama yule alichukua kiasi cha chungu kimoja, akalinda shina.

Halafu nikafungua Kitabu cha Walawi, na hapo nikanaswa mimi. Sheria yasema mwenye shamba asivune mpaka ukingoni, kwa kuwa ukingo ni wa maskini na mgeni. Neno hilo haambiwi maskini. Anaambiwa mwenye shamba, tena kabla maskini hajafika. Siku zile zote nilikuwa nikiuliza, "Nani amechuma?" Sikujiuliza hata mara moja, "Je, niliacha ukingo?"

Nikakumbuka pia mwezi wa tano wa mwaka 2003, vita vilipoingia mjini Bunia. Nilikuwa mtoto. Tulikimbia kwa miguu pamoja na watu wengi kuelekea Beni, na njiani tulichimba viazi katika shamba tusilojua mwenyewe. Tulikula, tukaishi. Mwenye shamba lile sikumwomba ruhusa wala sikumlipa mpaka leo. Nitamlipaje, kama si kwa kumlipa mwingine?

Na tukumbuke shamba la Nabothi. Mfalme Ahabu alilitaka apate kuligeuza bustani ya mboga, na kwa ajili ya mboga damu ya mtu ikamwagika. Sisi watu wa Ituri, tuliozika wengi kwa ajili ya magomvi ya ardhi, tunalielewa somo hili bila kufafanuliwa. Bustani ni kitu kidogo, lakini moyo wa mtu huonekana humo.

Ile miiba niliichoma. Mke wangu na mimi tulikubaliana kwamba tuta la kando ya njia litakuwa la apitaye. Mama yule alianza kuja mchana, akaingia kwa kubisha hodi, akatuonyesha namna ya kuchanganya mbegu ndogo za lengalenga na mchanga, zisirundikane mahali pamoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sitawaficha neno: baadaye mtu mwingine aling'oa kabichi zetu zote usiku mmoja, akaenda nazo. Huyo nilimwita mwizi, na hata leo namwita hivyo. Mke wangu alilia. Tuta la kando ya njia tuliliacha bila miiba hata hivyo, kwa maana kosa la mmoja halifuti haki ya mwenye njaa.

Ndugu msomaji, labda huna bustani. Una cherehani, una sungura, una kikapu unachosuka jioni. Usiache kuifurahia kazi hiyo, ni zawadi ya Mungu. Ila leo, kabla ya kufunga mlango, kaitazame, ukajiulize: ukingo wake uko wapi, na umeachiwa nani?